Sauti Inayoita Mara Moja

Thornton Heath, London
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Nasim,

Assalaam alaikum. Kabla hujaanza kutafuta nani sijamtaja: Baba yupo, Mama yupo, na mimi nimenenepa kwa mikate ya huku mpaka lile gauni ulilonishonea halifungi tena mgongoni. Goti lako vipi? Shemeji na kifua chake vipi? Na Bi Zuwena hapo jirani, bado anagombana na kuku wa watu? Nijibu yote, usiniletee tena barua ya mistari minne kama telegramu.

Umeniuliza mambo mawili: sauti ya Baba imefikia wapi, na kwa nini Mama hakuandikii tena. Ni jambo moja, Dada, si mawili. Nimelikalia kwa sababu nilidhani nitalimaliza mwenyewe kabla halijakufikia. Sasa Mama kaniamuru nikuandikie, basi nakuandikia, ila nakuomba usiisome barua hii mbele ya watoto.

Unamjua Baba alivyokuwa. Akinadi vitu pale Darajani, Mama yuko jikoni kwetu Mkunazini na anajua ni kabati la nani linauzwa. Huku hakukuwa na mnada wa kumngojea, akapata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala, lakini sauti alikuja nayo nzima. Wapangaji wa juu walikuwa wakigonga sakafu kwa kisigino akisoma gazeti. Kisha, kama nilivyokuandikia mwanzo, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, hatua zikawa fupi, na uso ukatulia. Nilichokuwa sijakwambia ni jinsi ulivyotulia. Hakasiriki usoni, hacheki usoni, hata kope hazipigi kama za watu. Daktari alisema ni Pakinsoni, ugonjwa wa ubongo, na kwamba ndani Baba ni yuleyule. Sauti nayo ikashuka. Haipandi wala haiteremki, maneno yote ya kimo kimoja. Ukikaa naye uso kwa uso unamwelewa. Ukiwa chumba cha pili unasikia kitu tu, hujui ni mtu au ni bomba la maji.

Daktari akatupeleka hospitali moja ng'ambo ya mto, kwa mwalimu wa sauti. Usicheke, huku mtu anasomea kazi hiyo. Ni msichana anaitwa Miss Alison, ana miguu mirefu na soksi zisizofanana, na anafanya utafiti. Anataka kujua kama wagonjwa wa namna ya Baba wakifundishwa kuvuta pumzi na kutoa sauti kwa nguvu kila siku, sauti hurudi au hairudi. Ana mashine ya tepu, na ana kisanduku chenye sindano inayopanda mtu akisema. Kila wiki Baba husoma maneno yaleyale, hushika "aaa" mpaka pumzi imwishie, na Miss Alison huangalia sindano imefika wapi. Hakutuahidi kitu. Alisema wazi kwamba hajui, na ndiyo maana anatafiti. Nilimpenda kwa hilo, maana madaktari wengine wote walikuwa wanajua.

Katika chumba cha kungojea ndimo tulimomfahamu Bibi Margaret. Naye ni mwanafunzi wa Miss Alison, lakini yeye haumwi. Alizaliwa akalelewa kama mtoto wa kiume, sasa anaishi kama mwanamke, na anafundishwa sauti itakayomfaa. Sikufichi, siku ya kwanza nilimkodolea macho mpaka Baba akanikanyaga mguu. Baba mwenyewe alivua kofia, akamwamkia kwa adabu zake zote za Darajani na kumsogezea kiti. Tangu hapo wakawa marafiki. Huinamiana pale benchini wakaongea kwa sauti ambazo wote wawili bado hawajazizoea, na mimi naachwa na mikoba.

Balaa ililetwa na mazoezi ya nyumbani. Miss Alison alitaka Baba awe chumbani, mtu mwingine awe jikoni, Baba aite kwa nguvu na yule wa jikoni aitike. Aitike kila mara, alisisitiza, kwa sababu mgonjwa asiyejibiwa huacha kusema, na akiacha kusema sauti hutoweka. Mchana mimi niko chini dukani kwa Bwana Ramji nauza mihogo na pilipili. Anayebaki ni Mama. Nikamweleza, akatikisa kichwa kwamba kafahamu.

Dada, Mama hakuitika hata mara moja.

Mwanzo nilidhani hasikii. Siku yangu ya mapumziko nikakaa naye jikoni tunachambua mchele, na Baba akaita: "Mama Nasim." Jina lako, Dada, ndilo linaloitwa humu ndani. Lilikuja bapa, chini kwa chini, kama la mtu aliyelala kifudifudi. Mikono ya Mama ikasimama juu ya sinia. Hakuinua kichwa. Midomo ikaanza kwenda upesi upesi, nikajua ni Ayatul Kursi.

"Mama, Baba anakwita."

"Nimekisikia kinachoita," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Unakumbuka Bibi alivyotulea. Ukiitwa na usiyemwona, na hasa magharibi inapoingia, usiitike. Ngoja mpaka mwito wa tatu. Jini huita mara moja tu, ukiitika umekwisha kuwa wake. Mimi na wewe tulikuwa tunajificha nyuma ya mlango tukiitana ili kutishana, lakini Mama hakulichezea jambo hilo hata siku moja. Na pumzi ya Baba inatosha mwito mmoja. Akishaita kifua kimekwisha, lazima apumzike kitambo, na akiita tena inakuwa ni kuanza upya. Kwa hesabu ya Bibi, kinachoita chumbani kwetu si binadamu.

Nchi hii nayo haisaidii. Miezi ya baridi taa za barabarani zinawaka watoto hawajatoka skuli, ukungu umeshuka mpaka kwenye vioo, na nyumba nzima iko katika rangi ileile ya jioni kuanzia adhuhuri. Mama anasema magharibi ya huku ikishaingia haitoki. Nikamwambia, "Mama, majini wa Unguja watapata wapi pasipoti?" Hakucheka. Akaniuliza sisi wenyewe tulipata wapi.

Usifikiri kamtupa. Anampikia uji laini, anamfulia, anamkata kucha. Ila hasemi naye, na ndiyo maana hakuandikii wewe: hajui akuletee salamu za nani. "Mwulize baba yako kama anataka chai," naye Baba kaketi pale pale mezani. Asubuhi moja nilimkuta Mama kainama upande wa miguuni, kalifunua blanketi taratibu, anazitazama nyayo za Baba. Alikuwa anatafuta kwato. Kicheko kilinipanda mpaka kooni, kisha nikaona Baba kafungua macho na anamtazama. Uso wake haukuonyesha chochote. Sikuweza kujua kama kaumia, na nikaogopa kumwuliza.

Na mimi mwenyewe nikaanza, Dada. Jioni moja nilikuwa napanda ngazi na viazi mkononi, taa ya ngazini imeungua, nikasikia "Mumtaz" kutoka juu. Nilijua ni Baba. Nani mwingine anijue jina? Lakini nilisimama na mguu mmoja hewani, na kilichonitia hofu si ile sauti, ni kwamba nilikuwa nangoja ya pili. Haikuja. Nikapanda nikimwita mimi, kwa kelele za bure, nimtangulie.

Kisha akaanguka. Nilifunga duka nikapanda, nyumba kimya, Mama kaketi jikoni na tasbihi yake, taa hajawasha. Nikaingia chumbani. Baba alikuwa chini, kati ya kitanda na dirisha, shavu juu ya zulia, macho wazi. Hakuvunjika, Alhamdulillahi, bega tu ndilo lililovilia damu. Lakini zulia lilikuwa limeloa mahali mdomo wake ulipolala, kwa hiyo hakukaa pale kidogo. Nikamwinua, nikamlaza, nikarudi jikoni.

"Hukumsikia?"

"Aliita mara moja," Mama akasema. "Nikangoja."

Tasbihi iliendelea mkononi, na mimi, Mungu anisamehe, nilimchukia mama yangu kwa dakika zile. Baadaye nilipomfunika Baba niliona Mama kasimama gizani mlangoni, kajishika mdomo kwa mikono yote miwili. Nikajua na yeye anajichukia, ila hofu inamzidi.

Baba akaacha kusema. Hakususia chakula, hakususia dawa, alinyamaza tu. Nikampigia Miss Alison kwa simu ya dukani. Akasema hawezi kumlazimisha, mtu ana haki ya kujitoa katika utafiti siku yoyote, ila nijue sauti isipotumika itazama, na kumeza chakula nako kutakuwa kugumu. Nikamwambia Baba. Akaniandikia kwa kidole juu ya blanketi: twende tukamuage. Kwake ni aibu kumwacha mwalimu bila kumuaga.

Tulikwenda kuaga. Bibi Margaret alikuwepo, na koti lake la buluu. Akamwona Baba hasemi, akaniuliza, nami nikayamwaga yote palepale, mwito mmoja na miito mitatu, nikitarajia atashangaa ujinga wetu. Hakushangaa. Alisema mama yake yuko mji mmoja kaskazini, na kila Jumapili yeye humpigia simu, humwambia, "Mama, ni mimi." Mama yake husikiliza kidogo, kisha husema umekosea namba, na kuikata.

Baba akainama. Nilimsikia kwa tabu, maana alikuwa hajatumia koo siku nyingi. "Nawe unafanyaje?"

"Napiga tena."

"Na akikata tena?"

"Jumapili ijayo napiga tena. Siku moja atachoka kukata, au mimi nitachoka kupiga. Mimi sijachoka."

Baba akavaa kofia yake. Kisha akanyanyuka mwenyewe bila mkono wangu, akajikokota mpaka ndani kwa Miss Alison, na badala ya kumuaga akamwonyesha vidole vitatu. "Nataka niite mara tatu," alimwambia kwa Kiingereza chake cha skuli. "Kwa pumzi moja. Hayo mengine baki nayo."

Ndipo kazi ilipoanza kweli. Miss Alison alimwuliza sauti kubwa aliitumia wapi zamani. Aliposikia habari za mnada akacheka, akamwambia, "Ninadie chumba hiki." Ungemwona, Dada! Baba akaninadi mimi, akanadi kiti, akanadi mwavuli wa Miss Alison uliovunjika mbavu. "Nani zaidi? Nani zaidi?" Sindano ikaruka. Nilipiga makofi mpaka nesi akachungulia. Lakini nilipofumba macho kidogo, nikamsikiliza bila kumtazama, nikaingiwa na baridi. Sauti ilikuwa kubwa, ila haikuwa ya Darajani, na haikuwa ya mgonjwa wetu pia. Ilikuwa ya mtu wa tatu ambaye sijawahi kuonana naye.

Nyumbani alifanya mazoezi kila siku, nami nikiomba ruhusa ya dakika chache kwa Bwana Ramji nipande kusikiliza. Mwito mmoja. Mwito mmoja. Wiki zikapita, siku moja ikaja miwili. Mama aliacha kisu. Kwa mara ya kwanza aliinua kichwa, akautazama mlango wa chumba, na shingo yake ikawa ndefu kama ya msichana anayengoja. Nilimsikia Baba kule ndani anaitafuta pumzi, anaivuta, inamkatikia. Mwito wa tatu haukuja. Mama akashika kisu, akaendelea na kitunguu, na sikuweza kujua machozi yale yalikuwa ya nini.

Sasa nakuja kwenye Alhamisi iliyopita.

Nilipanda kusali alasiri. Nikampitia Baba, alikuwa kalala, nikamvuta blanketi mpaka kidevuni, nikaenda jikoni. Mama anakanda unga. Nje kushakuwa kijivu. Na hapo tukaitwa.

"Mama Nasim!"

Dada, ilikuwa yenyewe. Ile ya Darajani. Ilipanda pale inapopanda na kuvutwa mwishoni kama alivyokuwa akiivuta akirudi na samaki, ili Mama ajue kuna samaki. Vikombe vililia kabatini.

"Mama Nasim!"

Mama kasimama. Unga unamdondoka vidoleni.

"Mama Nasim!"

"Abee!"

Sijaisikia abee ile tangu tulipotoka kwetu. Si ya mwanamke mzee mwenye baridi ya viungo. Aliitikia huku kashaanza kukimbia, kanga imemwanguka, nami nyuma yake nacheka na kulia, kichwani nishampigia simu Miss Alison.

Baba alikuwa kalala.

Alikuwa kaelekea ukutani, mdomo kaufumba, blanketi lipo kidevuni vilevile nilivyoliacha. Pumzi yake ilikuwa ya usingizi mzito, ya taratibu, si ya mtu aliyetoka kupiga ukelele wowote. Chumbani hamna redio. Wapangaji wa juu wako kazini. Nilisimama nikasikiliza nyumba nzima, na nyumba haikuwa na neno.

Mama alishika mwimo wa mlango. Keshaitika, Dada, na kitu hicho hakirudishwi. Nilidhani atageuka akimbie, au ataanza kusoma. Hakusoma. Aliingia, akaketi kitandani, mahali ambapo hajaketi tangu ugonjwa uanze, akamwekea Baba mkono begani na unga wake wote. Baba akafumbua macho.

"Umeniita," Mama akamwambia. Akamwambia yeye mwenyewe, si mimi.

Ilimchukua Baba muda kumgeukia. "Sikukuita."

Mama hakuondoa mkono.

"Lakini nilikuwa nataka," Baba akasema.

Niliwaacha. Nilirudi jikoni nikaumalizia unga. Mama hajanieleza alichoelewa yeye. Alinijia asubuhi yake tu, akasema, "Mwandikie Nasim, mwambie baba yake kaniita mara tatu." Basi nimekwambia. Nawe usinijie na barua ya kwamba tulisikia mtaa, au kwamba njaa na baridi hufanya hivi na hivi. Hayo yote nimekwisha kujiambia.

Kuna jambo moja zaidi. Ijumaa tulikuwa na miadi hospitali, na sindano imeshuka. Si kidogo. Miss Alison alirudia tepu, akabadilisha kipaza sauti, ikashuka palepale, akasema kwa upole kwamba huenda huu ndio mwisho wa kupanda kwake. Macho yalimwiva, masikini. Baba akamtuliza yeye. Nilitaka kumweleza Miss Alison kwamba nyumbani kwetu mambo si hivyo, kwamba tangu Alhamisi Mama anazungumza na mumewe toka alfajiri mpaka kulala, anamgombeza, anamcheka, anampasha umbea wako wote. Kwamba anaitika. Lakini angeniuliza anaitika sauti gani, ya kipimo kipi, basi nikachukua mikoba tukaondoka.

Nisalimie sana shemeji, na umwambie avae fulana. Msalimie Ami Rajab anayesalisha, atuombee, na hasa amwombee Mama kwa jina lake. Bi Zuwena mwambie kuku wa huku wanauzwa hawana vichwa, atafurahi. Wanao wawili uwabusu kwa niaba ya mama yao mdogo, na uwakataze ule mchezo wa kuitana nyuma ya milango. Bibi Margaret naye anakusalimu bila kukujua. Kesho kutwa atakuja kula pilau, Mama mwenyewe ndiye aliyemwalika.

Nakatisha hapa. Nimeandika yote haya nikiwa kwenye kiti kando ya kitanda cha Baba, nampa chai kijiko kimoja kimoja. Hajafungua mdomo ila kwa chai. Sasa hivi Mama kaitika huko jikoni, "Abee!", na Baba kageuza macho mlangoni. Namsikia anakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Mumtaz